Leza Hupima Mwanga, Ukubwa wa Kiini Hukokotolewa

Mwezi Oktoba 2024 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya watafiti wa nchi mbalimbali, waliokusanyika kuzunguka kituo cha utafiti cha GSI cha Darmstadt, Ujerumani, ambao walitumia leza kuchunguza viini vya atomi za fermiamu, elementi ya 100 katika jedwali la elementi. Anayetaka kuieleza kazi hiyo kwa pumzi moja atasema kwamba wamepima ukubwa wa viini vizito kwa leza. Kauli hiyo si ya uongo, lakini inaruka hatua iliyo nzito kuliko zote, na hatua hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia hapa, kwa sababu ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi wa visiwani, ambao hatuna mtambo wa kuongeza kasi ya chembe wala hakuna dalili kwamba tutakuwa nao.

Leza haikupima ukubwa wa kitu chochote. Ilichopima ni masafa ya mwanga ambao atomi za fermiamu ziliukubali, pamoja na tofauti ndogo ya masafa hayo baina ya isotopu moja na nyingine, yaani atomi za elementi ileile zinazotofautiana idadi ya nyutroni ndani ya kiini. Ukubwa ulipatikana baadaye, mezani, kwa hesabu. Na hata huo uliopatikana si ukubwa wa kiini kimoja kikiwa peke yake, bali ni kiasi ambacho kiini cha isotopu moja kimezidi au kimepungukiwa kikilinganishwa na cha mwenzake. Anayesoma matokeo haya bila ya kushika tofauti hiyo atadhani kwamba mahali fulani Ujerumani kuna darubini kali kiasi cha kuonesha kiini, na darubini ya namna hiyo haipo.

Haiwezi kuwepo kwa mwanga wa kawaida, na sababu yake ni ya wazi. Kiini cha urani-238 kina nusukipenyo cha chaji, yaani kipimo cha jinsi chaji yake ya umeme ilivyotandaa kutoka katikati, cha takriban femtomita 5.86, na femtomita moja ni mita iliyogawanywa mara milioni moja, kisha kila kipande kikagawanywa tena mara bilioni. Mwanga wa leza uliotumika kwa nobeliamu, elementi ya 102 ambayo watafiti wa GSI waliichunguza kabla ya fermiamu, una wimbi lenye urefu wa nanomita 334 hivi, yaani femtomita milioni 334. Wimbi lenye urefu huo haliwezi kuonesha umbo la kitu kilicho kidogo kuliko lenyewe mara makumi ya mamilioni. Robert Hofstadter, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1961, aliuona mgawanyo wa chaji ndani ya viini kwa kuvirushia elektroni za kasi kubwa kule Stanford, lakini njia yake huhitaji shabaha inayoshikika, yaani madini ya kutosha kupigwa. Fermiamu na nobeliamu hazina shabaha ya kushikika, kwa kuwa atomi zake huja moja moja na kutoweka.

Ndipo elektroni za atomi yenyewe zinapoingia kazini. Baadhi ya elektroni hazizunguki mbali na kiini tu, bali mawimbi yao yanapenya hadi ndani yake. Kiini kingekuwa nukta isiyo na upana, elektroni hiyo ingevutwa kwa nguvu inayozidi kukua kila inapokaribia. Lakini kiini kina upana, na chaji yake imetandazwa, hivyo elektroni iliyo ndani yake huvutwa kwa nguvu ndogo kuliko vile ambavyo nukta ingeivuta, na ngazi yake ya nishati hupanda kwa kiasi kidogo sana. Kiini kikinenepa, ngazi hupanda zaidi, na elektroni inaporuka kutoka ngazi hiyo kwenda nyingine isiyopenya kiini, rangi ya mwanga unaohitajika hubadilika. Mvuvi anayepita juu ya mwamba hauoni mwamba, anaona maji yaliyogeuka rangi, na kwa rangi hiyo anakadiria kina. Hali hapa ni hiyo, isipokuwa mabadiliko ya rangi ni madogo mno: kwa nobeliamu-252 na nobeliamu-254 tofauti ni kama gigahezi 10 katika mwanga wenye masafa ya karibu gigahezi laki tisa, ambayo ni sehemu moja katika elfu tisini.

Anayetaka kuuona mwanzo wa elimu hii hana haja ya kwenda Darmstadt. Achukue chumvi kidogo, iwe ya mashamba ya chumvi ya Pemba au ya dukani, ailowanishe, aiweke kwenye ncha ya kijiko cha chuma na aisogeze ubavuni mwa moto wa buluu wa jiko la gesi. Moto utageuka manjano papo hapo, na ni manjano ileile kila mara, kwa sababu inatoka kwa elektroni ya nje ya atomi ya sodiamu inaposhuka kutoka ngazi moja hadi nyingine. Kwa chombo kizuri manjano hiyo hugawika mistari miwili, mmoja wa nanomita 589.0 na mwingine wa nanomita 589.6. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Orsay, Ufaransa, waliielekeza leza kwenye mistari hiyohiyo ili kuchunguza isotopu za sodiamu zenye mnururisho, na kazi hiyo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa za aina hii.

Sodiamu hata hivyo ni nyepesi, na wepesi huo ni tatizo. Isotopu mbili za elementi moja hutofautiana rangi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uzito: kiini kizito hutikisika kwa kiasi kidogo kuliko chepesi elektroni inapokizunguka. Ndiyo sababu iliyomwezesha Harold Urey mwaka 1931 kuigundua haidrojeni nzito kwa kutazama spektra tu, yaani mistari ya rangi za mwanga wa elementi. Ya pili ni huu ukubwa tunaouzungumzia. Katika elementi nyepesi athari ya uzito huifunika athari ya ukubwa karibu yote, lakini kadiri tunavyopanda kwenye jedwali, athari ya uzito hufifia na ya ukubwa hukua haraka, mpaka tukifika kwenye zebaki, risasi na kuendelea, ukubwa ndio unaotawala. Kwa hiyo viini vizito, ambavyo ni vigumu kuvipata, ndivyo vinavyozungumza kwa uwazi zaidi vikishapatikana.

Na vimezungumza mambo ya ajabu. Mfano ninaoupenda ni wa zebaki. Mwaka 1972 watafiti katika kituo cha ISOLDE cha CERN, shirika la Ulaya la utafiti wa nyuklia, karibu na Geneva, walikuwa wakishuka kwenye mlolongo wa isotopu za zebaki, wakitarajia kiini kipungue taratibu kila nyutroni zinapoondolewa. Kilipungua, kikapungua, kisha kwenye zebaki-185 kiliruka ghafla na kuwa kikubwa. Kiini chenye nyutroni chache zaidi kilikuwa kimetanuka. Maelezo yake ni kwamba kiini hicho kimerefuka mithili ya yai, ilhali majirani zake wenye idadi shufwa ya nyutroni wamebaki karibu na umbo la mviringo, na ukiendelea kushuka umbo huruka huku na huko, kiini hadi kiini. Iliwachukua watafiti wa ISOLDE hadi mwaka 2018 kuonesha kwamba mruko huo hukoma baada ya zebaki-181. Kalsiamu nayo ina kitendawili chake: kalsiamu-48 ina nyutroni nane zaidi ya kalsiamu-40, na bado nusukipenyo vya chaji vya viini hivyo viwili vinalingana kwa karibu sana, femtomita 3.48 kila kimoja. Wanafunzi wetu wa kidato cha sita hufundishwa kwamba ukubwa wa kiini hukua kwa kufuata mzizi wa tatu wa idadi ya chembe zake. Kanuni hiyo ni sahihi kwa wastani, lakini inavunjwa na elementi iliyomo ndani ya chokaa ya kuta za Mji Mkongwe.

Sasa turudi kwenye elementi nzito, kwa sababu namna atomi zake zinavyokamatwa inastahili kutazamwa kwa karibu. Mwaka 2016 watafiti wa GSI walitangaza kwamba wameipata, kwa mara ya kwanza, rangi ambayo nobeliamu huikubali. Miali ya viini vya kalsiamu-48 ilipigwa kwenye utando mwembamba wa risasi-208. Mara chache sana viini viwili huungana, hutoa nyutroni mbili, na hubaki nobeliamu-254, ambayo nusu ya atomi zake huvunjika ndani ya sekunde 51. Atomi hizo hutenganishwa na mafuriko ya kalsiamu, huingia kwenye chumba chenye gesi ya arigoni, hupunguzwa kasi hadi zinasimama, na hukusanywa juu ya uzi wa metali ya tantali. Kisha uzi hupashwa moto, atomi hupaa ndani ya gesi, na hapo leza mbili hupita. Ya kwanza huinua elektroni kwenye ngazi ya juu iwapo tu rangi yake imepatia, na ya pili huing'oa elektroni hiyo kabisa. Atomi iliyong'olewa elektroni huvutwa kwa umeme hadi kwenye kigunduzi, na huko husubiriwa ivunjike: ikitoa chembe ya alfa, yaani kipande kidogo kinachorushwa na kiini kinapovunjika, yenye nishati ya nobeliamu, inajulikana kwamba rangi ilipatia. Rangi ikikosea, kigunduzi hakioni kitu, na watafiti husogeza leza kidogo na kuanza upya.

Msomaji makini atauliza: walijuaje pa kuanzia? Hakuna aliyekuwa ameuona mstari wowote wa spektra ya nobeliamu, na mtu hawezi kupapasa upinde mzima wa mwanga kwa atomi zinazokuja chache kwa sekunde. Jibu ni kwamba wanadharia walikuwa wameukokotoa mstari huo kabla, kwa hesabu za elektroni 102 zinazosukumana zenyewe kwa zenyewe na kwenda kasi kiasi cha kuhitaji nadharia ya uhusiano ya Einstein. Hesabu ziliainisha eneo la kutafuta, leza ikatafuta humo, mstari ukapatikana. Miaka miwili baadaye kundi hilo lilitoa vipimo vya nobeliamu-252, 253 na 254, na kwa msaada wa nadharia tena likahitimisha kwamba viini hivyo vimerefuka, na kwamba chaji katikati yake imepungua kidogo badala ya kujaa.

Fermiamu ilihitaji njia zaidi ya moja. Isotopu zinazoishi muda mfupi zilitengenezwa Darmstadt kwa miali ya chembe, na zile zinazoishi muda mrefu, kama fermiamu-257 yenye nusu-uhai wa takriban siku 100, zilitokana na sampuli iliyoandaliwa katika vinu vya nyuklia na kuchunguzwa katika Chuo Kikuu cha Mainz kwa kiasi kisichoonekana hata kwa hadubini. Fermiamu-257 ndiyo kikomo cha kinachoweza kutengenezwa kwa kulisha kiini nyutroni ndani ya kinu, kwa sababu fermiamu-258 hupasuka yenyewe chini ya milisekunde moja. Na kwa kuwa nawaandikia watu wa visiwani, sitaacha kutaja kwamba elementi hii iligunduliwa katika masalia ya bomu la kwanza la haidrojeni, lililolipuliwa na Marekani tarehe 1 Novemba 1952 katika visiwa vya Enewetak, Bahari ya Pasifiki. Kisiwa kizima cha Elugelab kilifutika, na sehemu ya malighafi ya uchunguzi wa elementi mpya ilikuwa vumbi la matumbawe yake.

Matokeo ya 2024 yalihusu viini vyenye protoni 100 na nyutroni kuanzia 145 hadi 157, na katikati yake kuna nyutroni 152, idadi ambayo kwa muda mrefu imejulikana kukipa kiini uimara wa ziada. Katika risasi, ukivuka nyutroni 126, mstari wa ukubwa huvunjika kona inayoonekana kwa macho. Wengi wangetegemea kona ndogo ya namna hiyo kwenye 152. Haikuonekana. Ukubwa ulikua taratibu, bila ya kujali kwamba idadi yenye uimara imevukwa, na mifano mbalimbali ya kinadharia ilikubaliana na vipimo hivyo vizuri. Waandishi wa utafiti wanaona kwamba katika uzito huu mpangilio wa matabaka ya nyutroni unapoteza nguvu yake juu ya ukubwa wa kiini, ingawa bado unaamua kiini kitaishi muda gani.

Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, lakini nina angalizo. Katika elementi zenye isotopu thabiti, kizidishi kinachogeuza tofauti ya rangi kuwa tofauti ya ukubwa huweza kuhakikishwa kwa njia nyingine, kwa kurusha elektroni au kwa kutumia muoni, ambayo ni kama elektroni iliyo nzito mara 207. Fermiamu na nobeliamu hazina isotopu thabiti hata moja, kwa hiyo kizidishi hicho hutoka kwenye hesabu za atomi peke yake. Kizidishi kikiwa na kasoro, mstari wote hulalia upande mmoja, juu au chini, ingawa kona kama ingekuwepo ingebaki kona. Kwa hiyo madai ya ulaini wa mstari yana nguvu kuliko madai ya kiasi halisi cha ukuaji. Aidha, mifano kadhaa kukubaliana si ushahidi kamili iwapo mifano hiyo imelelewa kwenye takwimu zilezile. Tumewahi kuonywa: mwaka 2010 kundi lililoongozwa na Randolf Pohl nchini Uswisi lilipima protoni kwa muoni na kupata femtomita 0.84, wakati thamani iliyokubalika ilikuwa karibu 0.88, na ilichukua miaka minane hivi kabla ya thamani ndogo kuingizwa kwenye majedwali rasmi. Ikiwa protoni, kiini chepesi kuliko vyote, iliweza kutuchanganya hivyo, kiini chenye chembe mia mbili na hamsini kinahitaji adabu zaidi.

Hapa ndipo hoja yangu inapogusa Zanzibar. Ninapozungumza na watu wa elimu kuhusu fizikia ya namna hii, hukutana na misimamo miwili. Mmoja unasema haituhusu, tushughulike na yanayotulisha. Wenye msimamo huu husahau kwamba sayansi ya nyuklia ilishatuhusu: kati ya 1994 na 1997 mbung'o waliangamizwa Unguja kwa kuachia mamilioni ya madume waliotasishwa kwa mnururisho, kazi iliyosaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na mifugo ya kisiwa hiki imenufaika tangu hapo. Msimamo wa pili unataka maabara kubwa, vyombo vya fahari, picha za ufunguzi. Leza inayosogezwa gigahezi kwa gigahezi inahitaji umeme usioyumba, vipuri na mafundi wa kudumu, na waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa gizani kwa miezi mitatu, hawahitaji maelezo marefu kutoka kwangu.

Misimamo yote miwili inadhani kwamba sayansi hii imo ndani ya mtambo. Nusu yake imo kwenye hesabu, na nusu hiyo husafiri. Mwanafizikia wa Pakistan, Abdus Salam, alipoanzisha kituo cha fizikia ya nadharia kule Trieste mwaka 1964, hoja yake ilikuwa kwamba mwanadharia wa nchi maskini asilazimike kuchagua kati ya nchi yake na elimu yake, na taasisi dada ya kituo hicho sasa ipo Kigali tangu 2018. Programu za kukokotoa muundo wa atomi zinapatikana bure. Jedwali la Angeli na Marinova la mwaka 2013, lenye nusukipenyo vya viini zaidi ya 900, linapatikana kwa yeyote mwenye intaneti, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, akiwa Tunguu au Pemba, anaweza kuchora mlolongo wa kalsiamu na wa zebaki kwenye kompyuta ya kawaida ndani ya mchana mmoja na kuona mwenyewe pale kanuni ya kitabuni inapokataa.

Kinachokosekana si kompyuta. Ni mwalimu mwenye nafasi ya kusimamia zoezi ambalo halitaulizwa kwenye mtihani, kwa kuwa mitihani yetu huuliza nusukipenyo cha kiini kana kwamba ni namba iliyoteremshwa, haiulizi namba hiyo ilipatikanaje wala ina mashaka kiasi gani. Badiliko dogo linawezekana bila ya bajeti mpya: swali moja la kidato cha sita linalotoa masafa mawili ya mwanga na kizidishi kimoja, likamtaka mtahiniwa atoe tofauti ya ukubwa, kisha aseme kizidishi hicho kikikosewa kwa asilimia tano jibu lake litahama kwa kiasi gani. Sehemu hiyo ya mwisho ingekuwa na alama nyingi kuliko ya kwanza, kama ningekuwa mtungaji.